Taja Alama Zake

Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini na kabla hawajamaliza kutafuta viatu vyao, Bakr alipanda daraja ya pili ya baraza, akakohoa, akasema maneno yaleyale: "Waislamu, nimeokota kitu. Mwenye chake na aje, ataje alama zake, achukue." Kisha akashuka, akaenda zake. Hakuna aliyekuja. Mji mzima wa Kizingitini ulikijua kitu chenyewe, maana kilikuwa uani kwake, kirefu kuliko mlango wa nyumba, cha rangi ya fedha iliyochubuka, na mbuzi walipenda kujilaza chini yake kukwepa jua. Wanaume walicheka. Watoto wakampa jina, Bakr Tangi. Mimi nilifunga dirisha.

Dirisha langu linatazamana na ua wa msikiti, hatua kumi na tano kutoka pale aliposimama. Sikulifunga polepole. Nililipiga mpaka vumbi la chokaa likadondoka, kusudi asikie. Ijumaa za miaka mitatu na zaidi, fanya hesabu mwenyewe ni vishindo vingapi.

Mimi ni Israa binti Ghassan, wa Siyu kwa kuzaliwa, wa Kizingitini kwa ndoa. Baba yangu alikuwa sonara, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alinitia mkononi kalamu yake ya chuma nikiwa na miaka tisa, akanifunza kunakshi pete na bangili. Mume wangu, baba wa wanangu, alikuwa Hamdun Idarus, mpiga mbizi wa kamba mawe, wale kamba wakubwa wa miambani. Bakr alikuwa mwenzake. Mmoja akizama, mwingine hubaki mashuani kuangalia injini na nanga, kisha wakabadilishana. Walifanya hivyo miaka kumi na miwili bila kugombana ila kwa jambo moja, sigara za Bakr.

Jumatano ya tarehe tisa Machi, saa nne na kitu asubuhi, zamu ya kuzama ilikuwa ya Bakr. Alipoibuka hakuikuta mashua. Alikuta moto unatembea juu ya maji. Akauogelea huohuo, akatoka na mikono iliyobabuka hadi viwikoni, na hakutoka na mtu. Hamdun hakuonekana siku ile wala siku nyingine. Tulimswalia bila jeneza, na mimi nikakaa eda ya mtu ambaye sikupata hata kumfumba macho.

Bakr alisema kitu kilianguka kutoka mbinguni. Alisema kule chini alisikia ngurumo, akaona kivuli kinapita, kisha maji yakampiga kifuani. Wenye ofisi ya serikali wakaja na boti yao, wakauliza, wakaandika. Walichoandika ni kwamba siku hiyo hakuna ndege iliyopita, na kwamba petroli ililipuka kwa kipande cha sigara kilichoachwa kinawaka. Karatasi ilikuwa na muhuri. Niliikunja nikaiweka ndani ya kasha langu la mahari.

Niliiamini. Usinilaumu upesi. Siku moja kabla, akila chakula cha mchana, Hamdun aliniambia, "Huyu Bakr na sigara zake karibu na galoni! Iko siku atatuunguza." Alisema kwa mzaha, mdomo umejaa wali. Mzaha ule ndio niliokuja kuufanya ushahidi. Muhuri wa serikali na maneno ya marehemu vikikubaliana, mjane ataamini nini kingine?

Miezi miwili baadaye, wakati wa bamvua, maji yalikauka mpaka mwamba ukatoa mgongo, na Bakr akaona tangi la bati limekwama kwenye ufa, tumbo limepasuka. Akaliburuta na wanaume sita hadi nchi kavu. Akaenda ofisini kuripoti. Wakaja, wakaligonga kwa kidole, wakasema bahari hutupa mengi, wakaliandika kuwa chuma chakavu. Ndipo alipokwenda kwa Ustadh Abdulghafur, imamu wetu, akamwuliza afanye nini. Ustadh akampa jibu la sharia ya kitu kilichookotwa: ukitangaze mwaka mzima, alama zake uzifiche kwa midomo yako, anayekidai azitaje mwenyewe. Mwaka ukiisha bila mwenyewe kuja, kitumie.

Mwaka uliisha. Fundi wa masufuria alitoka Lamu kulitaka aliyeyushe. Bakr akakataa, akaendelea kutangaza mwaka wa pili, na wa tatu. Nikasema kwa wanawake wenzangu kuwa anajikosha, na kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Kisha nikajing'ata ulimi, maana methali hiyo haikufaa kutoka katika nyumba yangu.

Na kila Alhamisi asubuhi nilikuta kikapu mlangoni, kamba wawili ndani yake, au mmoja bahari ikichafuka. Lilikuwa fungu la Hamdun. Kwetu mpiga mbizi akifa, mwenzake humtolea fungu lake maadamu yeye mwenyewe bado anazama. Niliwapa paka. Katika kisiwa chote cha Pate hapakuwa na paka walionona kuliko wangu.

Kisha akaja Murithi.

Alikuja Alhamisi kwa boti ya abiria, mtu wa Meru anayeishi Nairobi, mfupi, shati limechomekwa vizuri, na jaketi la kuokolea maisha hakulivua hata alipofika katikati ya mji. Watoto walimfuata wakicheka. Mgeni mmoja wa hoteli za Ras Kitau alikuwa ametembezwa huku, akapiga picha mbuzi waliolala chini ya tangi, akaitia mtandaoni, nayo ikazunguka mpaka ikamfikia Murithi. Alitaka kulichukua siku ileile. Bakr akamwambia anywe chai, alale, na Ijumaa baada ya swala aje ataje alama.

Haya nilielezwa na Fahima, mke wa Bakr. Alibisha mlangoni kwangu alasiri hiyo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga. Hakuketi.

"Bi Israa, mwenyewe amekuya," alisema. "Kesho atataya alama mbele ya watu. Sikuombi kitu ila kimoya. Usifunge dirisha."

"Dirisha ni langu, Fahima."

"Ni lako. Nakuomba tu."

Nilimfungia mlango, lakini kesho yake, baada ya salamu ya mwisho ya imamu, mkono wangu ulibaki juu ya ubao wa dirisha na haukuusukuma. Pengine ulikuwa umbea. Nilitaka kumwona Bakr akiaibika mbele ya mgeni.

Watu hawakutafuta viatu siku hiyo. Bakr alipanda daraja yake, akasema maneno yake, na kwa mara ya kwanza sauti ikamjibu, "Mimi hapa." Murithi alikuwa amesimama nje ya ua, viatu mikononi kwa adabu, jalada nene kwapani. Ustadh Abdulghafur akamwita asogee.

"Kwanza niseme ukweli," Murithi alianza. "Mimi si mwenye ndege. Mimi ni dalali wa spea. Ndege za kivita zikizeeka zinauzwa. Kuna tajiri mmoja ng'ambo amenunua moja, anataka kuirudisha vile ilikuwa siku zake, kila skrubu mahali pake. Tangi hili la mafuta, linaloning'inizwa chini ya bawa, ni la ndege hiyo. Wengine wanaweza kumtengenezea la kufanana, lakini yeye anataka lenyewe." Akaligonga jalada. "Na hii ni historia yake yote, tangu itoke kiwandani. Kwa kazi yetu, spea isiyo na karatasi zake ni chuma tu."

"Kwetu pia mambo ni hayo," akasema Ustadh. "Basi taja alama zake."

Murithi akafungua jalada. Alisoma kwanza kimya, kisha akatutafsiria, maana karatasi zilikuwa za Kiingereza. Rangi ya fedha, na mstari mwekundu shingoni. Watu wakamgeukia Bakr, naye akaitikia kwa kichwa. Ndani ya kifuniko cha kutilia mafuta, kibati chenye namba, mbili sifuri nne moja saba. Bakr akaitikia. Ubavu wa kushoto, kiraka cha kiganja kimoja, kimeshikwa kwa misumari ya ribiti kumi na moja. Mnong'ono ukapita uani, kwa sababu kiraka kile Bakr alikuwa amekifunika kwa lami kwa makusudi, na hata majirani zake hawakukijua.

"Umesibu, umepatia," Ustadh akasema. "Limebaki moja. Lilipotea wapi, na lini?"

"Iko." Murithi akageuza ukurasa, akafuata mstari kwa kidole, akasoma kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. "Jumatano, tarehe tisa Machi. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Injini ilileta hitilafu, rubani akaachilia tangi kupunguza uzito. Mashariki ya kisiwa cha Pate. Bahari tupu. Hakuna madhara."

Sijui watu wengine walifanya nini. Mimi nilisikia paka akilamba sahani jikoni. Nikasikia tena, tarehe tisa Machi, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumtetea Bakr wala kumdanganya mjane. Hasira niliyomwekea mtu mmoja miaka yote ile ikakosa mahali pa kukaa, ikanipanda kichwani. Nilijitupia buibui nikatoka pekupeku. Mwanamke hasimami katikati ya wanaume katika ua ule. Nilisimama.

"Soma tena," nikasema.

"Mama?"

"Hapo mwisho. Soma tena."

Akanitazama, akamtazama Ustadh, na Ustadh akatazama ardhi. Akasoma. "Bahari tupu. Hakuna madhara."

"Haikuwa tupu," nikasema. "Alikuwamo mtu. Nitakutajia alama zake. Mrefu, maji ya kunde. Kovu juu ya nyusi ya kushoto, alianguka mnazini akiwa mdogo. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki, kiliumwa na samaki mkunga. Akicheka huziba mdomo kwa sababu ya jino lililotoka. Jina lake Hamdun Idarus. Nimepotelewa naye tarehe tisa Machi, saa nne na dakika kumi, mashariki ya kisiwa cha Pate. Andika hapo. Aliye naye na aje."

Murithi alifunga jalada polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nitamshuhudilia mbele ya yeyote kwamba hakujua. "Mama, pole," alisema. "Aki ya Mungu, mimi nilikuja kuchukua spea tu."

Tuliondoka kwenda uani kwa Bakr. Bakr mwenyewe, Ustadh, Murithi, Fahima na mimi, na nyuma ya ua nusu ya mji ikijifanya inapita. Mbuzi wakafukuzwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulikaribia lile tangi. Nililiwekea kiganja, likayumba. Lilikuwa la moto kwa jua, jepesi kuliko nilivyodhani, na nikachukia kwamba kitu chepesi namna ile kiliweza.

Bakr ndiye aliyesema kwanza. "Ametaya alama zote. Sharia inasema apawe. Mpeni, aende nalo."

"Unalitoa hivi hivi?" nikamwuliza. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu msiba.

"Bi Israa, mimi sikuwa nikiwatangazia wao." Alionesha msikiti kwa kidevu, maana mikono yake haipendi kunyooka. "Nilikuwa nataka mtu mmoya asikie. Yeo amesikia. Nimechoka."

Niliona haya mpaka nikakosa pa kutazama. Ijumaa zote zile alikuwa akilisemesha dirisha langu. "Nisamehe, Bakr," nikasema, na sikujali nani anasikiliza nyuma ya ua. "Nilikudhulumu."

"Hukunidhulumu peke yako. Nilikuwa navuta kweli. Hata asubuhi ile nilivuta moya kabla ya kuzama." Akaitazama mikono yake. "Zimepita asubuhi nyingi nikiamka nayiuliza mwenyewe, pengine ni sigara kweli, pengine nimeota kile kivuli. Ndiyo maana sikumpa fundi wa masufuria. Nikilitazama, nayiamini mwenyewe."

Fahima akafunika uso kwa mtandio wake. Murithi akainuka akaenda kutazama bomba la maji ambalo halikuwa na lolote la kutazamwa.

Ustadh Abdulghafur alikuwa akizungusha tasbihi. Watu humdhania mpole kwa sababu ya sauti yake. "Bwana Murithi," akaita. "Huyo tajiri wako alipoinunua ndege, tangi hili lilikuwa wapi?"

"Si lilikuwa limepotea. Baharini."

"Naam. Hapa ni Kizingitini, watu huuza samaki tangu babu zao. Lakini samaki aliye baharini hauzwi. Muuzaji hana mkononi, mnunuzi hajui anachonunua. Biashara hiyo ni batili. Aliyelipoteza ni yule aliyeliachilia likaanguka, na wakubwa wake. Wewe umetaja alama kwa niaba ya mtu asiye mwenyewe. Mwenyewe na aje."

"Ustadh, hao hawawezi kuja huku. Ukiacha daftari hili, kwa karatasi zao hawakuwa huku."

"Basi," Ustadh akasema, "wachague."

Murithi alijaribu, simlaumu, ndiyo kazi yake. Alisema angeweza kumwomba tajiri atoe kitu kwa ajili ya wanangu. Nikamwuliza kama amenisikia nikiomba kitu. Akasema basi aniachie nakala ya ukurasa ule, akalichukue tangi. Nikakubali nakala, nikakataa tangi, kwa kuwa ukurasa wenyewe ulikuwa na uongo ndani yake, na nakala ya uongo ni uongo. Nikamwambia aongeze mstari mmoja, mmoja tu, chini ya pale palipoandikwa hakuna madhara.

"Siwezi, Mama. Daftari la ndege haliongezwi neno na mtu yeyote hivi hivi. Lazima awe na mamlaka."

"Na aliyeandika bahari tupu, mamlaka ya kuiona tupu alipewa na nani?"

Nikainuka nikaenda nyumbani.

Kalamu ya baba ilikuwa ndani ya kasha, chini ya ile karatasi yenye muhuri. Ni chuma kifupi chenye ncha ya pembe tatu, kipini chake kimelainika kwa jasho la watu wawili. Sikuwa nimeishika tangu Hamdun afe. Nikachukua na nyundo ndogo. Karatasi nikaitia kifuani.

Nilipopiga goti mbele ya tangi, Murithi alielewa kabla ya wengine. "Mama, tafadhali. Ukilikwaruza, thamani yake imeshuka. Yule anataka lenyewe, vile lilivyokuwa."

"Atalipata lenyewe," nikasema. "Vile lilivyokuwa."

Tangi lilikuwa likiyumba, tumbo lake la mviringo halikai. Bakr akaja upande wa pili, akalikumbatia kwa mikono yake miwili iliyobabuka, akalikandamiza kwa kifua. "Piga," akasema. Nikapiga. Bati la ndege ni gumu kuliko fedha, lakini ni kaidi kwa namna inayoeleweka: ukilionea huruma linateleza, ukilishikilia linakubali. Nilichagua mahali kando ya kifuniko chenye ile namba ya kiwandani, ili anayeisoma namba asiweze kuliruka jina. Sikutia maua wala mikunjo ya kinakshi. Nilichonga herufi nene, zilizosimama wima, kama baba alivyochonga majina ndani ya pete za watu waliooana. HAMDUN IDARUS. Chini yake, BAHARI HAIKUWA TUPU. Alasiri ikaadhiniwa, tukaswali kwa zamu, tukarudi. Nilipomaliza, vidole vyangu vilikuwa vinavuja damu na Bakr alikuwa na vumbi la bati kwenye nyusi. Hakuna aliyecheka uani wala nyuma ya ua.

Murithi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa muda wote ule. Jaketi lake alikuwa amelivua. Alitoa fomu kutoka kwenye jalada, akaiegemeza gotini, akafungua kalamu.

"Hii ni ya ukaguzi," alisema, kama mtu anayejisemea. "Spea ikikutwa, anayeikuta anajaza. Urefu, hali yake, palipotoboka. Na alama yoyote iliyo juu yake ambayo haikuwa kwa rekodi ya kwanza, inaandikwa kama ilivyo, neno kwa neno. Usipoandika, karatasi haikubaliki popote." Akainua macho. "Kwa hivyo hiyo lazima niandike. Si mimi nimetaka. Ni fomu." Akashusha kalamu. "Hamdun, ni kwa herufi moja ya m ama mbili?"

"Moja," nikamwambia.

Akaandika. Nilimwangalia akiandika mpaka nukta ya mwisho. Akatia sahihi, akapiga picha, akanipa nakala ya fomu na ya ule ukurasa. Ile karatasi yangu yenye muhuri niliitoa kifuani nikampa naye aipige picha, aishikanishe na nyingine, ili atakayesoma asome zote tatu kwa pamoja. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba fomu ina nafasi ya sahihi ya aliyelipata tangi, na kwamba bila sahihi hiyo hakuna duniani atakayethubutu kulifunga kwenye ndege ile. Alimwambia Bakr hivyo huku akifunga mkoba. Kisha akavaa jaketi lake, akarudi kwenye boti mikono mitupu, na watoto walimsindikiza bila kumcheka.

Alhamisi iliyofuata kikapu kilikuja na kamba wawili. Paka walikusanyika kama kawaida yao. Niliwafukuza, nikakuna nazi, nikapika, na wanangu wakala fungu la baba yao mpaka wakalamba vidole.

Zikapita wiki tano. Jumanne moja simu ikaja kwa Bakr kutoka ofisini: wageni waliotumwa na wenye ndege wanafika kuchukua mali yao, awe tayari kutia sahihi. Bakr akajibu kuwa karibuni, Ijumaa baada ya swala. Wakasema wao hawaendi kwa saa za msikiti. Wakaja Jumatano, watatu, wawili wenye sare na mmoja wa shati jeupe, wakakuta wanawake wa mtaa wamekaa juu ya tangi na kulizunguka, wengine wakisuka ukili, wengine wakichambua mchele, na mimi katikati nikishona kofia. Hatukuwatukana. Tuliwapa kahawa. Yule wa shati jeupe alizungumza juu ya sheria, akazungumza juu ya usalama, akapiga simu mbili, na kila alipomaliza Fahima alimwuliza kama anaongeza kahawa. Mwisho akatazama nafasi ya sahihi kwenye karatasi yake, wakarudi Lamu kulala.

Ijumaa walikuja.

Ua ulijaa mpaka kwenye kuta. Watu walikuwa wametoka Mbwajumali kwa miguu. Bakr alipanda daraja yake ya pili, akakohoa. Mimi sikuwa dirishani. Nilisimama chini yake kidogo, upande wa kulia, na hakuna mwanamume aliyeniambia nirudi ndani.

"Waislamu," Bakr akasema, "tumeokota kitu. Mwenye chake na aje, ataje alama zake, achukue."

Yule wa shati jeupe akasogea mbele, karatasi mkononi. Nilimwuliza anasema kwa niaba ya nani.

"Kwa niaba ya wenyewe," akajibu.

"Waliolipoteza?"

Akachelewa. "Waliolipoteza," akasema.

"Taja," akasema Ustadh.

Alisoma haraka. Rangi ya fedha, mstari mwekundu shingoni. Bakr akaitikia. Mbili sifuri nne moja saba. Akaitikia. Kiraka, ribiti kumi na moja. Akaitikia. Yule mtu akakunja karatasi, akatoa kalamu ya sahihi mfukoni, akamnyooshea Bakr.

Bakr hakuipokea. "Bado alama moya," akasema.

"Nimezitaja zote."

"Iko kwenye fomu," nikamwambia. "Mstari wa chini kabisa. Umekunja juu yake."

Akaifunua. Nilimwona akiusoma mstari kwa macho, midomo imebana. Akawatazama wenzake wenye sare, na mmoja wao, mrefu, alikuwa amevua kofia yake. Akatazama lango, kama kwamba boti ingeweza kuonekana kutoka pale. Watu mia tatu na ushei walikuwa wakimtazama, hata watoto. Ustadh alikuwa ameacha kuzungusha tasbihi. Mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa nimengoja miaka mitatu na zaidi kwa kosa langu mwenyewe, nami ningeweza kungoja mitatu mingine kwa kosa lao.

"Kwa sauti," nikasema. "Wa nyuma wasikie."

Yule mtu akaileta karatasi karibu na uso, akafungua kinywa.